Kupima kloridi kwenye mkojo: mwongozo kamili kwa watu wa maabara Nairobi

Kipimo cha kloridi kwenye mkojo hakina makuu. Mashine ileile inayopima sodiamu na potasiamu ya damu hukitoa kwa dakika chache, na kitendanishi chake si ghali. Lakini jibu lake huharibika kwa urahisi mno, na mara nyingi huharibikia nje ya mashine: kwenye mtungi wa kukusanyia mkojo, kwenye saa ya kuuchukua, kwenye fomu isiyosema mgonjwa anameza dawa gani. Mashine haina namna ya kujua hayo. Itakupa namba nzuri, yenye desimali, na namba hiyo itampeleka mgonjwa kwenye matibabu yasiyomfaa.

Nawaandikia mteknolojia aliyeanza kazi juzi, mwanafunzi wa KMTC (chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba) aliye kwenye mazoezi, na afisa wa kliniki anayejaza fomu na kungoja majibu. Mgonjwa aliyekabidhiwa mtungi wa kwenda nao nyumbani pia atapata lake katika sehemu ya saa 24.

Kloridi inatuambia nini

Chumvi ya mezani ni sodiamu na kloridi. Karibu kloridi yote tunayokula hutoka kwa njia ya mkojo, mradi figo ni nzima na mtu hatapiki, haharishi wala hatokwi na jasho jingi kupita kiasi. Gramu moja ya chumvi ina takriban mmol 17 (milimoli, kipimio cha wingi wa kemikali) za kloridi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama mmol 85. Kwa kawaida mkojo wa mtu mzima wa saa 24 hubeba kati ya mmol 110 na 250, nawe unaweza kuona mwenyewe ni kiasi gani cha chumvi kinaliwa.

Daktari huomba kipimo hiki kwa sababu tatu hivi. Ya kwanza, na ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, ni pale damu ya mgonjwa inapokuwa na alkali kupita kiasi, bikaboneti (ile alkali ya damu inayozima asidi) iko juu, potasiamu imeshuka, na haijulikani chanzo ni nini. Ya pili ni pale damu ina asidi nyingi na daktari anataka kujua kama bikaboneti inapotelea tumboni au figo ndizo zimeshindwa kutoa asidi. Ya tatu ni kujua mtu anakula chumvi kiasi gani, hasa mwenye presha au mwenye mawe kwenye figo.

Kipimo cha kloridi kwenye jasho, kile cha kutafuta ugonjwa wa kurithi wa sistiki fibrosisi kwa watoto, ni kitu tofauti kabisa. Fomu ikisema tu "kloridi" na mgonjwa ni mtoto mchanga mwenye kikohozi kisichoisha, piga simu wodini uulize kabla ya kumwekea mfuko wa mkojo.

Anza na swali, ndipo uchukue mkojo

Kabla ya kumpa mgonjwa kopo, hakikisha fomu ina mambo manne. Ikiwa hayapo, uliza wewe.

Kwanza, ni mkojo wa mara moja au wa saa 24? Kwa damu yenye alkali au asidi nyingi, mkojo wa mara moja unatosha, tena ndio unaofaa. Ukimtuma mgonjwa anayetapika akakusanye mkojo wa saa 24, hali yake itakuwa imebadilika mara tatu kabla hujapata jibu.

Pili, dawa za kukojosha. Hapa ndipo majibu mengi hupotoshwa. Furosemidi na hidroklorothiazidi huilazimisha figo kumwaga kloridi. Mkojo uliochukuliwa dawa ikiwa bado inafanya kazi utaonyesha kloridi ya juu, hata kama mwili wa mgonjwa umekauka. Mkojo wa mgonjwa huyohuyo, dawa ikiisha nguvu, utaonyesha kloridi ya chini. Majibu yote mawili ni ya kweli, ila yanasema mambo tofauti. Kwa hiyo andika jina la dawa na saa aliyomeza mara ya mwisho. Wagonjwa wengi hawatasema "dawa ya kukojosha". Watakwambia ni dawa ya presha, ya kuvimba miguu, au ya kupunguza mwili. Ulizia hiyo ya kupunguza mwili kwa upole, faraghani, kwa sababu mara nyingi mtu hataki aliyemsindikiza asikie.

Tatu, dripu. Mfuko wa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 una mmol 154 za kloridi kwa lita. Mgonjwa akishawekewa lita moja au mbili, mkojo wake hauwezi tena kukwambia alikuwaje alipofika. Mwambie muuguzi wa casualty: "Sista, nichukulie mkojo kwanza ndipo uendelee na dripu, mgonjwa akiweza." Ikiwa hali ni mbaya, dripu itangulie, kwa maana uhai hausubiri maabara. Basi andika kwenye fomu kwamba mkojo umechukuliwa baada ya dripu, na ni lita ngapi zilizoingia.

Nne, kutapika au kuharisha: kumeanza lini, na kumekoma au kunaendelea.

Mkojo wa mara moja

Kopo safi, kavu, lenye mfuniko wa kuzungusha, latosha. Si lazima liwe la kuotesha bakteria. Mililita 10 ni nyingi za kutosha. Mgonjwa akojoe moja kwa moja ndani ya kopo, wala asitumie chombo alichokitoa nyumbani, kwa sababu nitakayoeleza tukifika kwenye mtungi. Kwa mwenye mpira wa mkojo, usichote kwenye mfuko uliokaa tangu asubuhi. Mkojo huo ni mchanganyiko wa saa nyingi, za kabla na za baada ya dripu. Chukua kwa bomba la sindano kwenye sehemu maalumu ya mpira baada ya kuipangusa.

Bandika lebo kwenye kopo lenyewe. Lebo ya kwenye mfuniko huondoka na mfuniko, na makopo mawili yakifunguliwa mezani kwa pamoja hutajua la nani ni lipi. Kwenye lebo andika jina, namba ya mgonjwa, tarehe na saa.

Omba pia sodiamu, potasiamu na kreatinini (taka ya misuli ambayo figo hutoa kwa kiasi kilekile karibu kila siku) kwenye mkojo huohuo. Kwenye mkojo wa mara moja, kloridi peke yake hujibu swali la damu yenye alkali tu. La damu yenye asidi halijibiki bila sodiamu na potasiamu.

Mkojo wa saa 24, na namna ya kumweleza mgonjwa

Hapa maneno yako ni sehemu ya kipimo. Ukimwambia mtu "kusanya mkojo wa siku nzima" ukamwacha aende, ataanza na mkojo wa kwanza wa asubuhi na kuishia usiku akienda kulala. Mweleze hivi, polepole, kwa Kiswahili cha kawaida:

"Mama, kesho saa kumi na mbili asubuhi nenda haja ndogo kama kawaida, na mkojo huo umwage. Huo hatuutaki. Andika hiyo saa. Kuanzia hapo, kila ukikojoa, mchana na usiku, uingie wote kwenye mtungi huu. Keshokutwa saa kumi na mbili asubuhi, hata kama hujabanwa, kojoa mara ya mwisho na huo uutie ndani. Ukienda haja kubwa, kojoa kwanza kwenye jagi. Na ikitokea umemwaga mkojo hata mara moja kwa kusahau, usiogope kuniambia. Tutakupa mtungi mwingine."

Kisha mwombe akueleze yeye atakavyofanya. Akikosea, rudia. Sentensi ile ya mwisho usiiache kamwe, kwa sababu mgonjwa anayeogopa kugombezwa atanyamaza, nawe utapima mkojo wa saa 18 ukidhani ni wa 24.

Fikiria maisha yake pia. Muuzaji wa mitumba Gikomba, au kijana wa kiwandani Industrial Area, hatabeba mtungi wa lita tatu kwenye matatu. Mshauri aanze Jumapili asubuhi akiwa nyumbani, amalize Jumatatu asubuhi na kuuleta. Anayeishi kwenye ploti yenye choo cha pamoja mpe jagi la plastiki lenye mkono, akojolee ndani ya nyumba kisha amimine mtungini. Na si kila nyumba ya Mathare au Kayole ina friji. Kloridi haiozi na bakteria hawaili, kwa hiyo mtungi uliofunikwa vizuri ukakaa kivulini, ndani ya beseni la maji baridi, unafaa kwa kipimo hiki. Ikiwa kwenye mtungi huohuo kuna vipimo vingine vinavyodai baridi, hapo friji ni lazima.

Mtungi: asidi na Jik

Kama utakumbuka sehemu moja tu ya mwongozo huu, iwe hii.

Maabara nyingi huweka asidi ya hidrokloriki kwenye mtungi wa saa 24 ili kuhifadhi kalisiamu na baadhi ya homoni. Asidi hiyo imeundwa na kloridi. Piga hesabu: mililita 30 za asidi yenye nguvu ya mmol 6 kwa mililita zina mmol 180 za kloridi. Hiyo ni kloridi ya siku nzima ya mtu mzima, imo mtungini kabla mgonjwa hajakojoa hata tone. Mashine itaihesabu yote, na jibu litatoka likiwa juu kiasi cha kumfanya daktari aanze kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Kwa hiyo mtungi wa kloridi hautiwi kihifadhi chochote. Kama daktari ameomba kalisiamu na kloridi kwa pamoja, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kukusanya mara mbili, siku mbili, kwa mitungi miwili. Ya pili ni kukusanya bila asidi, kuchota kwanza sehemu ya kloridi maabarani, ndipo utie asidi kwenye sehemu ya kalisiamu. Hii ifanye tu ikiwa maabara yenu imethibitisha utaratibu huo. Mitungi yenye asidi ibandike lebo ya rangi tofauti na uiweke kwenye rafu yake. Rafu moja ya mitungi mchanganyiko, siku ya msongamano, italeta kosa hata kwa mtu makini.

Hatari ya pili ni sabuni na dawa za kutakasa. Jik na dawa nyingine za kung'arisha nguo zina hipokloriti ya sodiamu, ambayo huacha kloridi zinapokauka. Mgonjwa anayetaka kukuletea chombo kisafi ataosha jagi kwa Jik kwa nia njema kabisa. Maji ya bomba ya Nairobi nayo hutiwa klorini, na maji ya visima vya mashariki mwa jiji mengi yana ladha ya chumvi. Mwambie mgonjwa wazi kwamba mtungi na jagi tunalompa visioshwe kwa kitu chochote, na chupa ya soda au ya mafuta ya kupikia haifai hata ikioshwa mara kumi.

Sampuli ikifika

Mtungi ukiletwa, soma saa ya kuanza na ya kumaliza mgonjwa akiwa bado yuko mbele yako. Akishapanda matatu ya Rongai huna wa kumuuliza.

Geuza mtungi uliofungwa mara kadhaa, taratibu, hadi mkojo uchanganyike. Chumvi na mashapo hukaa chini, na ukichota juu tu unapima tabaka moja. Pima ujazo wote kwa silinda yenye alama na uuandike palepale, kwenye fomu na kwenye lebo ya kichupa utakachokijaza. Bila ujazo, kloridi ya saa 24 haikokotoleki. Vituo vidogo vya Kawangware au Githurai vinavyotuma sampuli maabara kubwa kwa boda boda huzoea kutuma kichupa cha mililita 10 na kumwaga kilichobaki. Ikiwa ujazo haukuandikwa, sampuli hiyo imekufa. Kichupa kifungwe mfuniko barabara, kisimame wima, kiwe ndani ya kisanduku chenye barafu. Kinachovuja au kilichofunguka njiani usikipime.

Mkojo wenye ukungu au mashapo uzungushe kwenye sentrifuji, utumie maji ya juu. Vinginevyo uchafu utaziba bomba jembamba la mashine.

Kupima kwa mashine yenye elektrodi

Siku hizi hii ndiyo njia ya kawaida. Elektrodi ya kloridi hutoa nguvu ndogo ya umeme kulingana na wingi wa ayoni za kloridi inazokutana nazo, na mashine hulinganisha na viwango vinavyojulikana.

Asubuhi, sawazisha mashine kisha pitisha kontroli, yaani sampuli ambazo kiwango chake kinajulikana tayari. Kontroli ziwe za mkojo, viwango viwili, cha chini na cha juu. Kontroli ya seramu (maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake) haitoshi: kloridi ya damu hukaa kwenye uwanja mwembamba, takriban mmol 98 hadi 107 kwa lita, ilhali ya mkojo inaweza kuwa 8 au 250. Kontroli moja ikitoka nje ya mikengeuko sanifu mitatu (mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika kuzunguka wastani), au mbili zikatoka nje ya miwili upande uleule, simamisha majibu utafute chanzo. Stima ikipotea na kurudi, usiendelee ulipoachia. Sawazisha upya na upitishe kontroli tena, hata kama foleni ni ndefu.

Chagua aina ya sampuli kuwa mkojo kwenye skrini kabla ya kuanza. Mashine nyingi huchanganya mkojo kwa kiasi tofauti na seramu na kutumia hesabu tofauti. Ukiacha nafasi ya seramu, utapata namba lakini si ya mgonjwa wako.

Jibu likizidi uwezo wa mashine, ongeza maji kwenye sampuli kwa kutumia kiyeyushi cha mtengenezaji au maji yaliyokenekwa (mvuke uliopozwa ukawa maji safi) kama maelekezo yake yanavyosema, kisha zidisha jibu kwa mara ulizoiongezea sampuli ujazo. Kamwe usitumie maji ya chumvi ya dripu, ingawa chupa yake iko karibu na kila mtu ameizoea kwenye vipimo vingine. Jibu likiwa chini ya uwezo wa mashine, usiandike sifuri wala usibuni. Andika "chini ya" na kiwango cha mwisho ambacho mashine inakiweza. Kwa mgonjwa anayetapika, jibu hilo lina maana kamili.

Elektrodi ya kloridi hudanganywa na ndugu zake wa kemia, hasa bromidi na iodidi. Mgonjwa anayetumia dawa yenye bromidi kwa muda mrefu, kama pairidostigmini bromidi ya udhaifu wa misuli, anaweza kuonyesha kloridi ya juu isiyo ya kweli. Ndiyo maana fomu inauliza dawa zote.

Njia ya rangi, inayotumia thiosianati ya zebaki na kusomwa kwenye nanomita 480, bado imo vitabuni. Zebaki yake inanitosha kutoishauri pale ambapo elektrodi ipo.

Pasipo mashine: jaribio la Fantus

Jaribio hili limepewa jina la Bernard Fantus, daktari wa Chicago, yuleyule aliyeanzisha benki ya damu katika Hospitali ya Cook County mwaka 1937. Ni la kizamani, lakini naliheshimu. Linataka dawa mbili, neli moja ya kioo na pipeti moja, na linamfundisha mwanafunzi kemia ambayo mashine imeificha.

Nitrati ya fedha ikikutana na kloridi huganda kuwa mashapo meupe. Kloridi ikishakwisha, fedha inayozidi hushika kromati na kutoa rangi ya kahawia yenye wekundu. Unachohesabu ni matone ya fedha yaliyohitajika kuimaliza kloridi.

Tayarisha kromati ya potasiamu ya asilimia 20 (gramu 20 katika mililita 100) na nitrati ya fedha ya asilimia 2.9 (gramu 2.9 katika mililita 100). Zote ziyeyushe kwa maji yaliyokenekwa. Nitrati ikigeuka kama maziwa unapoiyeyusha, maji yako yana kloridi; mwaga uanze upya. Ihifadhi kwenye chupa ya kahawia, mbali na mwanga. Vaa glavu na miwani. Nitrati huacha doa jeusi kwenye ngozi lisilotoka kwa siku kadhaa, na kromati inaweza kusababisha saratani, kwa hiyo usiipime unga wake penye upepo.

1. Kwa pipeti, weka matone 10 ya mkojo kwenye neli. Shika pipeti wima. Ukiilaza, matone hubadilika ukubwa.
2. Suuza pipeti hiyohiyo mara kadhaa kwa maji yaliyokenekwa. Weka tone 1 la kromati. Mkojo utakuwa wa manjano ya kung'aa.
3. Suuza tena. Anza kudondosha nitrati ya fedha, tone moja moja, ukitikisa neli kila mara na kuhesabu kwa sauti. Utaona wekundu ukitokea pale tone linapoangukia kisha ukipotea ukitikisa. Hiyo bado si alama.
4. Simama rangi yote ikigeuka kahawia na kubaki hivyo baada ya kutikisa. Idadi ya matone ya nitrati ni gramu za chumvi kwa lita ya mkojo. Zidisha kwa 17 upate mmol za kloridi kwa lita.

Pipeti lazima iwe moja kwa hatua zote, kwa sababu hesabu nzima imesimama juu ya ukubwa wa tone kuwa uleule.

Kontroli yake ipo wodini tayari. Maji ya chumvi ya dripu ya asilimia 0.9 yana gramu 9 za chumvi kwa lita, basi yanapaswa kubadilika rangi kwenye tone la tisa. Maji yaliyokenekwa yabadilike kwenye tone la kwanza. Ukipata 9 na 1, dawa zako ni nzima na mkono wako umetulia. Fanya hivyo kila siku kabla ya kugusa mkojo wa mgonjwa.

Udhaifu wake useme wazi. Tone moja ni mmol 17, na mpaka ambao daktari anautafuta uko karibu na 20. Kwa hiyo mkojo unapoonekana kuwa na kloridi kidogo, rudia kwa matone 20 ya mkojo badala ya 10. Hapo kila tone la nitrati ni takriban mmol 8.5, na unapata picha iliyo wazi zaidi. Mkojo wenye asidi nyingi huchelewesha rangi. Jibu la Fantus liandikwe kuwa ni makadirio, na sampuli iende kwenye mashine kila inapowezekana.

Mabaki usiyamwage kwenye sinki. Kromati ni sumu, na sinki nyingi za jiji hili mwisho wake ni Mto Nairobi. Yakusanye kwenye chupa yenye lebo, yachukuliwe na mwenye leseni ya taka za hatari ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Kukokotoa na kusoma majibu

Kwa saa 24: zidisha kloridi kwa lita mara ujazo kwa lita. Mkojo wa lita 1.3 wenye mmol 140 kwa lita una mmol 182 kwa siku. Gawa kwa 17.1, unapata gramu 10.6 za chumvi, zaidi ya maradufu ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa wa presha anayeapa kwamba haongezi chumvi mezani huenda anasema kweli; imo kwenye mkate, soseji, vibanzi na vile vidonge vya mchuzi.

Kabla ya kuamini namba hiyo, tazama kreatinini ya mkojo uleule. Mwanaume mzima hutoa takriban mg 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mwanamke 15 hadi 20. Mwanaume wa kilo 70 aliyetoa mg 700 tu amepoteza kama nusu ya mkojo, na mtungi haukujaa inavyotakiwa. Kwa wazee na waliokonda sana kiwango huwa chini, kwa hiyo usihukumu kwa haraka.

Kwa damu yenye alkali nyingi: kloridi ya mkojo wa mara moja ikiwa chini ya mmol 20 kwa lita (wengine hutumia 10, wengine 25), mwili umepungukiwa kloridi na figo zinaing'ang'ania. Chanzo huwa ni kutapika, kunyonywa maji ya tumbo kwa mpira, au dawa ya kukojosha iliyokwisha nguvu. Wagonjwa hawa kwa kawaida hupona kwa maji ya chumvi na potasiamu. Ikiwa juu ya 40, fikiria dawa ya kukojosha inayoendelea kufanya kazi, aldosteroni (homoni inayoifanya figo kushika chumvi) iliyozidi, au magonjwa ya kurithi ya Bartter na Gitelman, yanayoifanya figo kupoteza chumvi. Kati ya 20 na 40 ni eneo la kurudia na kuuliza zaidi.

Kwa nini wasipime sodiamu tu, kama wanavyofanya kwa mtu aliyeishiwa maji? Kwa sababu anayetapika anamwaga bikaboneti kwenye mkojo, na bikaboneti huondoka na sodiamu. Sodiamu ya mkojo inaweza kuonekana ya kutosha kabisa huku mwili umekauka. Kloridi haina wa kuiburuta hivyo, hubaki chini.

Kwa damu yenye asidi nyingi na pengo la kawaida la ayoni (sodiamu ya damu ukiitoa kloridi na bikaboneti): jumlisha sodiamu na potasiamu ya mkojo, utoe kloridi. Sodiamu 40, potasiamu 20, kloridi 90 inatoa hasi 30. Maana yake figo zinatoa amonia nyingi, inayosindikizwa na kloridi, na bikaboneti inapotelea kwingine. Kwa kawaida ni kuharisha. Sodiamu 50, potasiamu 30, kloridi 60 inatoa chanya 20, na hapo figo zenyewe zinashukiwa. Hesabu hii haiaminiki ikiwa sodiamu ya mkojo iko chini ya 20, au mkojo umejaa ketoni (mabaki ya mafuta yaliyochomwa mwilini), kama kwa mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa.

Kuandika majibu

Andika namba pamoja na kipimio chake, aina ya mkojo, saa uliochukuliwa, ujazo kama ni wa saa 24, na njia uliyotumia. Kwa mkojo wa mara moja usiweke viwango vya kawaida vya saa 24 pembeni. Mfumo wa kompyuta mara nyingi huviweka wenyewe, na daktari atasoma 30 iliyotiwa alama ya "chini" dhidi ya 110 ambayo haihusiani nayo kabisa. Mwombe anayesimamia mfumo avitenganishe. Ongeza mstari mmoja wa maelezo pale unapohitajika: "mkojo ulichukuliwa baada ya lita 1 ya dripu", "mgonjwa alimeza furosemidi saa mbili asubuhi", "ujazo uliripotiwa na kituo kilichotuma".

Sodiamu na kloridi zikiachana sana kwenye mkojo mmoja, rudia kabla ya kutoa. Zikibaki vilevile, mpigie simu aliyeandika fomu umwambie ulichokiona, na sampuli uiweke kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, hadi akuambie kama anahitaji kipimo kingine.